Redio ilijenga nchi, au ilikuwa kipaza sauti cha serikali?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Muheza, nafundisha Uraia na Maadili darasa la sita. Juzi tulikuwa kwenye mada ya vyombo vya habari, mtoto mmoja akasema redio ni kitu cha bibi, darasa zima likaangua kicheko. Nilipolisimulia hilo nyumbani, baba mkwe alikasirika, akasema redio ndiyo iliyoijenga nchi hii. Shemeji yangu akadakia kwamba haikujenga chochote, ilikuwa kipaza sauti cha serikali tu. Wewe umefanya kazi ya redio miaka mingi hapa Tanga. Nani msema kweli, na watoto niwaambie nini?"

Marahaba, mwalimu.

Baba mkwe na shemeji yako wanavutana kanga moja, kila mmoja na pindo lake. Yule mtoto naye usimwadhibu, nitamrudia.

Naomba nisianze na Mwalimu Nyerere wala na sheria za utangazaji. Nianze na matangazo ya vifo. Kazi hii nimeishika tangu nikiwa kijana wa kukunja nyaya mpaka nikawa mtayarishaji wa vipindi, na hakuna kipindi kilichonifundisha redio ni kitu gani kama hicho.

Nimekulia Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Kwetu hapakuwa na redio. Redio ilikuwa kwa jirani mwenye kiduka, sanduku la mbao lenye kitambaa cha kufuma juu yake, na jioni aliigeuzia dirishani ili sauti itoke nje. Wazee walikaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, sisi watoto mchangani. Muziki ukipigwa, watu waliongea juu yake. Taarifa ya habari ikisomwa, walinyamaza nusu nusu. Ulipofika wakati wa matangazo ya vifo, hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

Tangazo lilikuwa na mtindo wake, na nadhani baba mkwe wako anaweza kukukaririshia hata leo. Bwana fulani wa Pongwe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpenzi, kilichotokea jana katika hospitali ya Bombo. Mazishi yatafanyika kesho saa kumi alasiri. Habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Kigoma, fulani wa Njombe, fulani wa Mtwara, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo.

Itazame ile orodha ya mwisho. Mkoa wetu ulijaa watu walioletwa na mkonge: Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Walikuja kama manamba, wengine wakabaki. Mtu akifia kambini Ngomeni, jamaa zake wako mwendo wa siku kadhaa kwa treni na basi, na barua ingewakuta matanga yameshaanuliwa. Tangazo la shilingi chache liliwafikia jioni ile ile. Kuna na la pili, ambalo mimi nilichelewa kuliona. Yule fulani wa Kigoma pengine hakuwa na redio kabisa, na bado habari zilimfikia. Jirani aliyekuwa nayo alisikia jina, akavaa viatu, akaenda. Kila mtu kijijini alijua kwamba wengine nao wamesikia, kwa hiyo kunyamaza kungekuwa aibu, na aliyesema "sikupata habari" hakuaminika.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya redio katika maisha ya nchi. Watu wengi kusikia jambo moja ni nusu tu ya kazi hiyo. Nusu kubwa ni kila mmoja kujua kwamba wenzake nao wamesikia, saa ile ile, kwa maneno yale yale. Nguvu ya redio na hatari yake vyote vinatoka humo.

Hatari yake nimeishiriki kwa mikono yangu. Nilipokuwa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, fomu za matangazo ya vifo zilijazwa kwa kalamu, na siku moja majina mawili yalibadilishana nafasi: mfiwa akaandikwa marehemu, marehemu akawa ndiye anayesikitika. Msomaji akasoma kama alivyoletewa. Ilipofika adhuhuri, kwa yule bwana walishaanza kufika watu na mikeka, na akina mama wameshika vichwa. Kesho yake alikuja kituoni mwenyewe, mzee wa makamo, kofia ya kiua kichwani, akasimama mlangoni akauliza kwa upole: "Nani kati yenu kaniua?" Hatukujua tucheke au tulie. Tulisoma masahihisho siku tatu mfululizo. Mwaka uliofuata nikakutana naye soko la Mgandini, akaniambia bado kuna watu Handeni wanaoshtuka wakimwona. Masahihisho yanasomwa siku nyingine, kwa masikio mengine, na hayana kilio cha kuyasambaza. Tangu siku hiyo fomu zetu zilikuwa na kisanduku cha jina la marehemu peke yake, juu kabisa, kinachojazwa kwa wino mwekundu.

Basi, turudi kwa baba mkwe. Mwambie kwa heshima asiipambe sana. Utangazaji huku bara ulianzishwa na serikali ya mkoloni mwaka 1951, kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwanzoni kilikuwa kweli sauti ya Dar es Salaam, maana mbali na mji huo hakikusikika vizuri. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa herufi za Kiingereza TBC. (Vijana wakiona TBC kwenye nyaraka za zamani hudhani ni hii ya leo. Siyo.) Mwaka 1965 serikali ililivunja shirika hilo, utangazaji ukaingizwa wizarani, na ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wakisema "redio" bila jina wanamaanisha hiyo. Ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara iliyobeba matangazo ya sabuni na dawa ya meno, na Idhaa ya Nje. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilipewa nafasi kwenye mitambo yetu kuzungumza na watu wao, na ANC ya Afrika Kusini ni kimojawapo. Hilo ni la kujivunia, na wanafunzi wako walisikie.

Ila kilichowafunga watu pamoja kilikuwa saa mbili usiku. Kabla ya taarifa ya habari zililia ngoma za Morris Nyunyusa, kipofu aliyekuwa akipiga ngoma nyingi peke yake kama kundi zima. Ukizisikia kutoka nyumba ya kwanza unajua nyumba ya kumi nako zinalia. Mtoto aliyekuwa nje alijua muda wa kurudi ndani umefika. Mama aliyekuwa jikoni alipunguza moto. Nchi kubwa kama hii, yenye makabila zaidi ya 120, kutoka Ujiji mpaka Tongoni, ilikaa kimya kwa pamoja dakika zile chache. Sijui kitu kingine kilichoweza kufanya hivyo kila siku, isipokuwa adhana, na hiyo nayo haiwi saa moja kwa mahali pote.

Jioni ya tarehe 12 Aprili 1984 nilikuwa kwa fundi cherehani, nangoja suruali. Mwalimu Nyerere mwenyewe akatangaza redioni kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Ninachokumbuka zaidi ni mguu wa yule fundi. Ulisimama juu ya pedali, lakini gurudumu la cherehani liliendelea kuzunguka peke yake, likapunguza mwendo, mpaka likakoma. Nilirudi nyumbani kwa miguu bila suruali. Njia nzima hakuna aliyemuuliza mwenzake "umesikia?" Ilionekana usoni.

Lugha nayo. Idhaa ya Taifa ilikuwa ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mbondei wa kwako Muheza, Msambaa wa Lushoto, Mzigua wa Handeni na Mdigo wa hapa mpakani wote walisikia maneno mamoja, na maneno mapya ya serikali kama ushirika, kujitegemea na halmashauri yaliingia midomoni kupitia kifaa hicho kabla hayajasomwa popote. Watangazaji walikuwa walimu wa lugha bila ubao. Ukikosea ngeli hewani, barua za wasikilizaji zilikuja, na nyingi zilitoka pwani, maana watu wa huku wana kibri cha lugha, mimi nikiwemo. Gharama yake nayo ilikuwapo. Kuna bibi wa milimani aliyeishi na kufa bila kusikia hata mara moja hali ya hewa ya mlima wake ikisomwa kwa Kisambaa. Hadi leo vituo vyetu karibu vyote ni vya Kiswahili au Kiingereza, wakati ng'ambo tu ya Horohoro, Kenya, vituo vya lugha za makabila ni vingi. Mimi nadhani tulichagua vizuri. Lakini sikuwa yule bibi.

Sasa nikupe hoja bora ya baba mkwe wako, ambayo pengine hata yeye hakuitumia. Kati ya mwaka 1970 na 1975 redio ilitumika kwa mfululizo wa kampeni za elimu ya watu wazima: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971 nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Kubwa katika kumbukumbu zangu ni Mtu ni Afya. Iliendeshwa kwa wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kijijini kulikuwa na kikundi, kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kitabu cha kusomea na redio. Kila wiki walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasoma, wakajadili, halafu wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji. Vyoo vilivyochimbwa mwaka ule vilikuwa mamia ya maelfu.

Mama yangu mdogo alikuwa kwenye kikundi kimoja huko njia ya Pangani. Siku moja nilimsindikiza. Redio ilikuwa imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kipindi kilipoanza tu sauti ikaanza kuzama, maana betri zilikuwa za kuanikwa. (Waambie watoto: betri zikiisha tulizianika juani juu ya bati, zikapata roho ya dakika kumi, wakati mwingine ishirini.) Siku hiyo zilipata dakika tatu. Kiongozi akafungua kitabu akasoma kwa sauti. Akina mama wakaanza kubishana: choo cha shule kimechimbwa juu ya kisima, maji yanashuka wapi? Mmoja akatoka na kijiti akachora mchangani mteremko ulivyo. Ubishi ulikwenda mpaka alasiri, na wiki iliyofuata shimo jipya lilichimbwa upande wa pili. Kipindi chenyewe hawakukisikia hata robo. Ndiyo sababu nikisikia mtu anasema redio iliwaelimisha wananchi huwa nataka kuuliza: redio, au ule mkeka waliokalia? Redio iliwapa saa ya kukutana na sababu ya kukutana. Waliyobaki nayo waliyafanya wenyewe.

Shemeji yako sasa. Naye mpe haki yake, na usiipunje.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa shambani awe anaishi kijijini. Redio ilitangaza vijiji vilivyofunguliwa, ikapiga nyimbo, ikasoma takwimu za waliohamia. Nyumba zilizobomolewa ili watu wahame, na mashamba ya minazi na mikorosho waliyoyaacha nyuma, havikupata mtangazaji. Ile nguvu ya kila mtu kujua kwamba wenzake wamesikia ina upande wake wa kiza: jambo lisilotangazwa linakuwa kama halikutokea, hata kwa mtu aliyelitazama kwa macho yake. Unaliona, lakini hujui kama wenzako wameliona, basi unalimeza.

Watu hawakuwa wajinga, lakini. Usiku ulipoingia, masafa mafupi yalifunguka. Nikueleze kidogo kwa ajili ya somo la sayansi: mawimbi hayo hupanda juu sana angani, yakafika kwenye tabaka la hewa lenye chaji za umeme, yakarudishwa chini kama mpira uliodundishwa dari, hivyo yanaweza kuvuka bara na bahari. BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu Juni 1957, na Deutsche Welle ya Ujerumani tangu 1963. Baba wa rafiki yangu, mtumishi wa serikali, alisikiliza RTD saa mbili kwa sauti kubwa dirisha wazi, halafu baadaye akaingia chumbani na redio hiyo hiyo, akafunga dirisha, akasikiliza ya nje kwa sauti ya kunong'ona. Hakuna sheria aliyokuwa anaivunja. Ila alijua ya kwanza ni ya kusikiliza na watu, ya pili ni ya kusikiliza peke yake.

Na hata ndani ya kipaza sauti, wananchi walitafuta tundu la kupenyeza sauti zao. Salamu! Wasomi huzicheka. Ulinunua kadi, ukaandika majina ya watu wako, ukaituma kwa posta, ukangoja wiki kadhaa, na siku moja mtangazaji wa Dar es Salaam akatamka jina lako na la shangazi yako wa Mkinga, nchi nzima ikasikia. Mkulima ambaye jina lake liliandikwa mara mbili tu maishani, kwenye cheti cha ubatizo na kwenye daftari la kodi, alisomwa kwenye chombo kile kile kilichomsoma Rais. Nimeona mtu akilia kwa furaha kwa sababu hiyo. Vilabu vya watuma salamu vilizuka, vyenye mwenyekiti, mweka hazina na majina ya utani, na wanachama walizikana. Mpira nao usiusahau. Mwaka Coastal Union walipoleta ubingwa Tanga, 1988, wengi wetu mechi za ugenini tuliziona kwa masikio, kwa midomo ya watangazaji kama Ahmed Jongo, na bado mpaka leo nitakubishia bao fulani lilikuwa la kichwa au la bega, bao ambalo sikuliona.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Baada ya hapo vikafuatana, na sasa kuanzia 2003 kuna TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayotoa leseni na kuwachapa faini wanaokosea. Kwa shemeji yako hii ni habari njema kabisa: vipaza sauti vingi, hakuna mwenye kauli peke yake. Ni kweli. Lakini kulikuwa na badiliko jingine ambalo halikuandikwa kwenye sheria, la kifundi, nalo ndilo langu, kwa hiyo nivumilie.

RTD ilifika mbali kwa masafa ya kati na mafupi. Vituo vipya karibu vyote ni FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108. Sauti ya FM ni safi, muziki unang'aa, mitambo yake ni nafuu. Ila mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka karibu kama mwanga wa tochi. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare unaona mpaka kilomita 41 hivi, halafu ardhi inajikunja. Weka mlima katikati na mwanga unazimika. Ndiyo maana huko kwako Muheza unavipata vituo vya Tanga mjini, ukipanda Amani kona moja ina sauti na kona ya pili haina. Baharini ni kinyume. Miezi ya joto kuna siku hewa ya juu ya maji hujipanga kwa tabaka na kuyapindisha mawimbi, basi usiku unashangaa Raskazone unapata Pemba na Mombasa kama wako chumbani, na kituo cha mtaani kwako kinakoroma. Fundi mgeni aliwahi kufungua mtambo mzima akitafuta ubovu, kumbe ni kaskazi.

Matokeo yake ni kwamba redio iliyokuwa ya nchi imekuwa ya wilaya. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pangani wana redio yao ya jamii, Pangani FM, na mwenyekiti wa kijiji akiulizwa kuhusu mrabaha wa mchanga anaulizwa na mtu anayemjua mpaka kwao. RTD isingemuuliza hata kwa miaka 100. Hasara yake pia naijua: ukizunguka na kitufe asubuhi utakuta kituo kinasoma magazeti, cha pili kinasoma magazeti yale yale, cha tatu kuna mganga wa nyota, cha nne wanabahatisha mechi. Sina ugomvi na muziki, lakini kituo kisichotuma mtu hata mmoja kwenye kikao cha baraza la madiwani ni sanduku la muziki lenye leseni.

Na kabla shemeji hajashangilia kwamba redio ikitoka mikononi mwa serikali inakuwa salama, mwambie habari ya Rwanda. RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilikuwa kituo cha binafsi. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walitania, vijana waliipenda. Mwaka 1994 ikatumika kuchochea mauaji ya kimbari, hata kutaja watu wa kutafutwa. Kesi ya waliohusika ilisikilizwa hapa kwetu Arusha, na mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ikawatia hatiani waanzilishi wawili wa kituo hicho, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti. Ni nguvu ile ile ya tangazo la kifo la Pongwe. Muuaji alijua kwamba jirani yake naye amesikia.

Mfano wa heri uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1993 RTD ilianza mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori, mwanamume wa kila kituo na mwanamke wake, na mkewe Tunu aliyeanza kujitafutia riziki yake. Kwa miaka miwili ya kwanza mchezo huo haukurushwa na mtambo wa Dodoma, makusudi, ili watafiti walinganishe. Walikuta matumizi ya uzazi wa mpango yamepanda zaidi kule mchezo uliposikika. Mimi hilo halikunishangaza. Hotuba ya mganga mkuu watu huisikiliza kwa adabu na kuiacha hapo hapo. Mkwaju walimgombania dukani, kisimani, kwenye basi, kwa sababu kila mtu alijua mwenzake anamfahamu. Mke angeweza kumsema mumewe kwa kumsema Mkwaju.

Sasa yule mtoto na bibi yake. Ana haki ya kucheka. Simu inampa habari haraka, na picha juu. Ila Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea pwani yetu, nilikuwa Deep Sea kununua samaki. Wavuvi walikuwa na simu, na simu zilikuwa zimejaa: tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, na pembeni yake video za mawimbi ya nchi nyingine, na sauti ya mtu asiyejulikana akisema kimbunga kinaingia Tanga saa nane. Nahodha mmoja kijana akasema, "Zimeni hizo, tusikie redioni." Wakakusanyika kwenye kiredio kimoja kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Taarifa ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye simu zao tangu asubuhi. Lakini walipoisikia wote kwa pamoja, ndipo walipoanza kuvuta mashua juu, maana hakuna nahodha anayetaka kubaki nchi kavu wakati wenzake wamekwenda.

Kwa hiyo darasani usiwape maelezo yangu haya marefu. Wagawe watoto makundi mawili. Kundi la kwanza lipe taarifa ya habari iliyochapwa kwenye karatasi, kila mtoto na yake, asome kimya na asiseme na mtu. Kundi la pili liketi chini ya mwembe na redio moja, wasikilize taarifa ya siku hiyo mpaka mwisho, halafu uwaache dakika kumi bila kuwaambia chochote. Wewe kaa mbali, uandike nani kasema nini. Jioni wape kazi ya nyumbani: kila mmoja amwombe bibi au babu amkaririshie tangazo moja la kifo analolikumbuka, na alete ile orodha ya mwisho, ya miji. Ichoreni kwenye ramani ya Tanzania ubaoni. Kwa watoto wa Muheza, na mkonge wenu ule, nina hakika ramani itajaa.

Ukihitaji redio, ninayo moja ya ziada hapa Makorora, tuma mtu aje aichukue. Betri nunua mpya, hizi za kuanika hazitafika mwisho wa taarifa.